Kura, Mafuta na Mitumba: Namna ya Kuzisoma Habari za Nje

Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Hebu tazama ujirani wetu siku hiyo. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilisema ndiyo. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Eritrea ilisema hapana, ikiwa bega kwa bega na Urusi yenyewe, Belarus, Syria na Korea Kaskazini. Ethiopia haikupiga kura kabisa. Ukiweza kueleza kwa nini majirani hawa walitawanyika namna hiyo, bila kumwita yeyote kibaraka, basi nusu ya kazi umeimaliza.

Wengi wetu tukisikia habari za nje huanza kwa kuchagua upande: nani mwema, nani mbaya. Kijiweni hilo hunogesha mazungumzo, ila halikusaidii kujua kitakachofuata wiki ijayo. Njia ninayoipendekeza ni ya kinyumenyume. Shika kitu kilichokufikia wewe, iwe kura ya balozi wako, bei ya petroli au robota la mitumba, kisha kifuate kurudi nyuma mpaka umwone aliyekaa mezani akaamua.

Tuanze na hiyo kura. Eritrea ilikuwa imekaa chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa tangu 2009 hadi 2018, na Novemba 2021 Marekani iliiwekea vingine kwa sababu ya vita vya Tigray. Serikali yenye kinyongo cha aina hiyo haina haraka ya kusimama na Washington. Uganda ilijieleza kwamba inajiandaa kuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, na kweli uenyekiti huo iliupokea Kampala mnamo Januari 2024. Kwa Tanzania, kutofungamana ni siasa ya tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Isitoshe, Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam kuanzia 1963, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipata sehemu kubwa ya silaha zao kutoka Moscow na Beijing. Mambo hayo hayasahauliki haraka katika wizara ya mambo ya nje.

Kenya nayo ilikuwa na hesabu zake. Mwaka huo ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama, na tarehe 21 Februari balozi wake, Martin Kimani, alikwishasema pale mezani kwamba Afrika ilirithi mipaka iliyochorwa na wakoloni, ikaamua kuishi nayo badala ya kupigana vita visivyoisha. Hotuba ile ilisifiwa sana Ulaya kwa ufasaha wake. Anayeijua Kenya ataongeza jambo moja: nchi iliyopigana vita vya Shifta katika miaka ya 1960, ili kaskazini-mashariki yake isikatwe na kuunganishwa na Somalia, haiwezi kufurahia jirani mkubwa kumega jirani mdogo kwa kisingizio cha undugu wa lugha.

Kwa hiyo anza na kura, hotuba ifuate. Lakini kabla hujaifasiri, jua imepigwa wapi. Azimio la Baraza Kuu ni sauti ya dunia, ila halimfungi mtu kisheria. Lenye meno ni Baraza la Usalama: wajumbe 15, kura 9 zinatosha kupitisha azimio, alimradi hakuna hata mmoja kati ya wale watano wa kudumu (Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa) aliyetumia kura ya turufu. Siku tano kabla ya kura niliyoitaja, tarehe 25 Februari, suala hilohilo lilipelekwa kwenye Baraza la Usalama. Wajumbe 11 waliunga mkono, watatu wakajizuia, Urusi peke yake ikasema hapana, na rasimu ikafia hapo.

Watanzania wanaijua turufu kwa uchungu wa karibu zaidi. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ikamzuia, raundi baada ya raundi. China nayo ikamzuia Kurt Waldheim aliyetaka kipindi cha tatu, raundi baada ya raundi, mpaka wote wawili wakakaa kando na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Ukitaka kujua Marekani ilikuwa na nini na kijana wa Zanzibar, rudi nyuma miaka kumi, Oktoba 1971, siku serikali ya Beijing ilipopewa kiti cha China katika Umoja wa Mataifa. Salim ndiye aliyekuwa balozi wa Tanzania pale, na ujumbe wake haukuificha furaha.

Na usitosheke na kura moja, maana misimamo huhama. Tarehe 24 Februari 2025, miaka mitatu kamili tangu vita vianze, Baraza Kuu lilipigia kura azimio jingine kuhusu Ukraine. Safari hii nchi 93 ziliunga mkono, 18 zikapinga, 65 zikajizuia, na miongoni mwa waliopinga, pamoja na Urusi, ilikuwemo Marekani. Aliyeacha kufuatilia mwaka 2022, akabaki na picha ya "Magharibi" kama kambi moja, alipitwa.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana hapa ndipo dunia inapokugonga mfukoni. Tanzania, mdhibiti wa nishati EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya, mwenzake EPRA hutangaza tarehe 14. Matangazo hayo mawili, kwa maoni yangu, ndiyo ukurasa wa habari za kimataifa unaosomwa na watu wengi kuliko wowote katika nchi hizi, ingawa hatuusomi hivyo. Bei unayolipa kituoni ina vipande vyake: bei ya mafuta yenyewe huko yanakonunuliwa, nauli ya meli na bima, thamani ya shilingi mbele ya dola, kisha kodi na tozo za hapa nyumbani. Bei ikipanda, usiulize tu nani wa kulaumiwa. Uliza ni kipande gani kilichosogea. Na kumbuka kwamba mafuta unayotia leo yalinunuliwa wiki kadhaa nyuma, kwa hiyo vita vya jana haviwezi kuwa ndiyo sababu ya bei ya leo, hata mbunge akisema hivyo.

Weka ramani mezani. Ya shule inatosha. Tafuta Mlango Bahari wa Hormuz: Iran kaskazini, ncha ya Musandam ya Oman kusini, na mahali pembamba pana upana wa kilomita 33 hivi. Mwaka 2024 yalipita hapo mapipa takriban milioni 20 kwa siku, yaani kama sehemu moja ya tano ya mafuta yote yanayotumiwa duniani. Israel ilipoanza kuishambulia Iran tarehe 13 Juni 2025, bei ilipanda. Marekani ikapiga vituo vya nyuklia tarehe 22, bunge la Iran likaunga mkono kuufunga mlango huo, dunia ikashika roho. Mwezi ule mlango haukufungwa. Mapigano yaliposimamishwa tarehe 24 bei ikashuka upesi kuliko ilivyopanda. Soko lilikuwa linauza hofu, na hofu nayo ina bei yake, hata kama hakuna pipa lililozama.

Bahari ya Shamu ni kisa kingine, kwa sababu kule meli zilizuiwa kweli. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader, kisha wakaanza kuzirushia meli nyingine makombora na droni, wakisema wanaiunga mkono Gaza. Kufikia Desemba kampuni kubwa kama Maersk, MSC na Hapag-Lloyd zilikuwa zinazigeuza meli zake zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, safari inayoongeza siku kumi na zaidi. Kontena lililotoka Ulaya kuja Mombasa, lililozoea kupita Suez, likalazimika kuizunguka Afrika nzima na kutufikia kutokea kusini. Mapato ya Misri kutokana na Mfereji wa Suez yaliporomoka kutoka zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023 hadi karibu bilioni 4 mwaka 2024. Kumbe kundi lililojichimbia kwenye milima ya Yemen, lisilo na manowari hata moja ya maana, liliweza kuinyima Misri fedha kuliko adui yeyote wa karibuni.

Usiikunje ramani bado. Shuka kidogo hadi Djibouti, nchi ndogo kabisa, na hesabu waliopanga: Marekani, Ufaransa, Japani, Italia, na tangu 2017 China, kila mmoja na kambi yake ya kijeshi. Wote wanalinda mlango mmoja, ule wa kuingilia Bahari ya Shamu. Nyuma ya Djibouti kuna Ethiopia, yenye watu zaidi ya milioni 120 na isiyo na bahari tangu Eritrea ilipopata uhuru mwaka 1993. Ndiyo maana tarehe 1 Januari 2024 ilitia saini hati ya maelewano na Somaliland ili ipate njia ya baharini. Somalia ikawaka. Misri, ambayo kwa miaka mingi imegombana na Ethiopia kuhusu bwawa la Mto Nile, ikaingia mkataba wa ulinzi na Somalia Agosti 2024. Uturuki, iliyowekeza Mogadishu muda mrefu, ikawapatanisha Ethiopia na Somalia mjini Ankara Desemba mwaka huohuo. Kwenye simu yako hizo zilikuja kama habari nne zisizohusiana. Juu ya ramani ni habari moja: nchi kubwa inatafuta bandari.

Si kila shinikizo huja na meli za kivita, na mfano wangu ni shati la mtumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa mitumba huko Marekani kililalamika kwa serikali yao kwamba hatua hiyo inakiuka masharti ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za nchi za Afrika zilizokidhi vigezo kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilikuwa ya kwanza kurudi nyuma, maana viwanda vyake vilikuwa vinaiuzia Marekani nguo nyingi. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo wa ushuru. Masoko ya mitumba ya Gikomba, Karume na Owino yakaendelea kama kawaida.

Wapo walioisoma habari ile kama kisa cha ushujaa na uoga. Mimi naisoma kwa daftari la mahesabu. Rwanda ilikuwa inauza Marekani nguo kidogo sana, kwa hiyo kukataa kwake kuligharimu kidogo. Kenya ingepoteza ajira za maelfu ya washonaji wa viwandani. Kila unapoona nchi mbili zimelijibu shinikizo moja kwa namna mbili, uliza kwanza kila mmoja angelipa nini kwa kusema hapana.

Tukija Kongo, ujuzi wa kura, ramani na mahesabu hautoshi. Hapo panahitajika daftari lenye safu mbili. Safu ya kushoto andika yaliyosemwa na kutiwa saini. Ya kulia andika yaliyotokea ardhini. Tarehe ziwe zinatazamana. Jaribu na mwaka 2025. Kulia: tarehe 27 Januari waasi wa M23 wanaingia Goma. Kushoto: tarehe 8 Februari wakuu wa EAC na SADC wanakutana Dar es Salaam, wanataka mapigano yasitishwe mara moja. Kulia: katikati ya Februari Bukavu nayo inaanguka. Kushoto: tarehe 21 Februari Baraza la Usalama, kwa kura zote 15, linapitisha Azimio 2773 linaloitaka M23 isimamishe mashambulizi na Rwanda iondoe majeshi yake. Kulia: Goma na Bukavu zinabaki mikononi mwa M23. Kushoto tena: tarehe 18 Machi marais Kagame wa Rwanda na Tshisekedi wa Kongo wanakutana Doha, tarehe 27 Juni mawaziri wao wanatia saini makubaliano Washington, tarehe 19 Julai serikali ya Kongo na M23 wanatia saini tamko la misingi, Doha, tarehe 4 Desemba marais wenyewe wanatia saini Washington, mbele ya Trump. Kulia: siku chache baadaye M23 wanaingia Uvira, mji unaotazamana na Bujumbura.

Ukishaona safu hizo mbili kwa macho yako mwenyewe, utaacha kuuliza "amani imefika?" na utaanza kuuliza mambo yenye jibu. Nani hakuwepo mezani? Makubaliano ya Juni yalikuwa kati ya serikali mbili, na M23 hawakuwemo. Wao walikuwa na meza yao Doha. Nani anathibitisha kwamba kilichoahidiwa kimefanyika? Mpatanishi anatafuta nini? Marekani haikujificha kwamba inayataka madini ya Kongo. Na yapo mapatano gani ya zamani yaliyobaki kwenye karatasi? Hapa jibu liko kwenye jina la kundi lenyewe: M23 limeitwa hivyo kutokana na makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009, ambayo waasi walidai Kinshasa haikuyatekeleza. Waliibuka 2012 wakaiteka Goma kwa siku chache mwezi Novemba, wakashindwa 2013, wakarudi mwishoni mwa 2021. Kigali nayo ina neno lake, na usiliruke: inasema tishio ni FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994 wakakimbilia Kongo. Kulisikia neno hilo si kukubali kila kinachofanywa kwa jina lake.

Kuhusu redio na kurasa unazotegemea, sisi wasomaji wa Kiswahili tuna bahati ambayo hatuitumii. Lugha yetu inarushiwa habari na London, Bonn, Paris, Beijing, Tehran na Ankara, na karibu kote huko mlipaji kwa njia moja au nyingine ni serikali au umma wa nchi husika. Hilo haliwafanyi waandishi wao kuwa waongo. Ila linakuonyesha wapi pa kutega sikio. Siku yenye jambo kubwa la Iran, sikiliza idhaa ya Tehran, kisha DW ya Bonn, siku hiyohiyo. Wanalokubaliana wote wawili lichukue. Upande mmoja ukikiri jambo linalomuumiza mlipaji wake, hilo lipe uzito mara mbili. Halafu tazama kila mmoja ameruka nini. Na usidhani sauti hizo ni za milele: Machi 2025 serikali ya Marekani iliwapa likizo ya lazima wafanyakazi wa Sauti ya Amerika, na wasikilizaji waliokulia na idhaa yake ya Kiswahili wakaamka hawana matangazo.

Video za WhatsApp nitazipita haraka. Isiyo na tarehe, mahali wala chanzo, usiisambaze. Mara kadhaa vipande vya mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 vimezungushwa kama picha halisi za vita vya Ukraine na Gaza, na watu wazima wakavijadili kwa ukali.

Kinachosaidia zaidi ni kalenda, kwani sehemu kubwa ya siasa za dunia hufanyika kwa ratiba. Mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika ni Februari, Addis Ababa. Wa SADC ni Agosti. Viongozi huhutubia Baraza Kuu, New York, Septemba. Muda wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Kongo, kwa kawaida hujadiliwa upya kila Desemba, kabla ya tarehe 20, kwa hiyo maneno makali ya mwezi huo yachukue kama sehemu ya kupatana bei. Benki kuu ya Marekani hukutana mara nane kwa mwaka kuamua riba. Ilipoanza kuipandisha Machi 2022, dola zilivutwa kurudi Marekani, na shilingi ya Kenya, iliyokuwa kwenye 113 hivi kwa dola mwanzoni mwa mwaka huo, ilifika karibu 160 Januari 2024, huku nchi ikiwa na deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililoiva Juni mwaka huo. Ilipofanikiwa kukopa tena Februari, shilingi ikapumua.

Huwezi kufuata kila kitu, na anayejaribu huishia kujua vichwa vya habari tu. Chagua suala moja na ulishike miezi kadhaa. Kama huna la kuanzia, chukua Sudan, kwa sababu kila nilichokitaja kimo humo. Upo upande wa bahari, Port Sudan. Ipo dhahabu, ambayo soko lake kubwa ni Dubai. Ipo turufu: tarehe 18 Novemba 2024 Urusi iliizuia rasimu ya Uingereza na Sierra Leone iliyokwishapata kura 14. Zipo safu mbili za daftari, kuanzia mazungumzo ya Jeddah ya Mei 2023 hadi El Fasher ilipoangukia mikononi mwa wanamgambo wa RSF, wapinzani wa jeshi la serikali, Oktoba 2025. Na lipo la nyumbani: Februari 2025 RSF na washirika wao walikutana Nairobi wakatia saini hati ya kuunda serikali yao, na mwezi uliofuata serikali ya Sudan ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, chai ambayo Sudan ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Uanzie hapo kwenye chai. Tafuta nani aliwafungulia RSF ukumbi Nairobi, serikali ya Kenya ilijitetea vipi, na wakulima waliambiwa nini.